Goti la Yazid

Jumatatu, 3 Machi. Ramadhani ya pili.

Yazid, huna haya. Mwanamume wa miaka ishirini na mitatu, ndevu zimejaa kidevuni, unalala mpaka adhuhuri, na karatasi ya daktari umeifunikia glasi ya maji. Nimeiona. Usinambie upepo umeipeperusha. Karatasi imetoka Uingereza, ina picha za mtu anakunja mguu na kuukunjua, na chini yake visanduku vya kutia alama kila siku, na visanduku vyote vyeupe. Basi kuanzia leo alama natia mimi. Nimenunua daftari la kurasa mia moja. Ukilikuta ulisome, ujione ulivyo.

Mimi Mboni binti Salehe sikusoma. Nilifika darasa la tatu nikaozwa. Kisomo cha watu wazima kilinikuta na watoto wanne, nikakaa kwenye dawati na mmoja mgongoni, ndiko nilikomalizia herufi. Nilichojifunza sikukisahau, si kama wewe uliyesoma miaka kumi na mbili na huwezi kutia alama kwenye kisanduku.

Niandike habari yenyewe ikae sawa. Yazid ni mtoto wa mwanangu Taimur. Kaondoka Tanga na wazazi wake kwenda Uingereza ana miaka sita. Huko kakulia mpirani, akawa winga wa timu ya daraja la nne, mji wa viwanda, jina lake sitalijaribu. Mwezi wa kumi na moja goti lilikatika kamba ndani. Wakampasua Desemba, wakamtia kamba nyingine iliyotolewa kwenye paja lake mwenyewe. Miezi saba asicheze. Wamempa ruhusa aje kwangu wiki tano, kwa sababu kule alikuwa akishinda chumbani anatazama ukuta. Julai atajaribiwa. Goti likiwa zima, ataendelea na kazi yake. Likiwa bovu, mpira basi. Hivyo ndivyo alivyonambia.

Leo kabla ya kufuturu: kakunja mara thelathini, kasimama mguu mmoja mara kumi. Kanung'unika mara zote arobaini.

Jumanne, 4 Machi.

Thelathini na kumi. Kaongeza tano bila kuambiwa. Sikumsifu.

Alhamisi, 6 Machi.

Bi Ghadir jirani kaja na kibakuli cha vipopoo vya nazi. Alipokuja na vipopoo nilijua kafuata jambo.

"Mboni, mgeni wako hatumuoni barazani. Mzima?"

"Mzima kuliko wewe."

"Mbona anashuka ngazi kama bibi harusi?"

Nikamwambia huko kwao ngazi ni za umeme, hajazoea za saruji. Akacheka, lakini macho yake yalibaki mlangoni kwa Yazid. Ikabidi nimpe kitu cha kwenda nacho. Nikamwambia kijana kaja kutafuta mchumba, ndiyo maana hatoki ovyo.

Ugonjwa kwetu hautangazwi. Mama yangu alikuwa na donge ziwani miaka miwili, tukalijua siku ya kumuosha. Mtu akijua goti la mjukuu wangu bovu, mmoja atasikitika na tisa watasema afadhali. Kijicho kipo, kimetajwa katika Kitabu. Nikampigia Taimur kumweleza nilivyosema. Akasema, "Umefanya vizuri, mama." Nami nikajiona mwerevu.

Jumapili, 9 Machi.

Thelathini na kumi na tano. Goti halijavimba.

Jumatano, 12 Machi.

Mvua ya kwanza ya masika, nayo imeingia kwa vishindo. Ndoo tano zimejaa chini ya mchirizi.

Nimemuuliza Yazid kazi ya winga ni nini hasa. Kanichorea kwa unga juu ya sinia. Mstari huu, huyu mimi, huyu beki.

"Sasa wewe unakaa hapo mwisho kabisa unafanya nini?"

"Nangoja, Bibi."

"Unalipwa kungoja?"

"Mpira unakuja mara chache. Ukija, una sekunde mbili. Unampita au humpiti."

"Usipompita?"

"Kuna mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, anakaa karibu na mstari. Ananitukana jina na ukoo. Kila Jumamosi. Nikimpita beki ananipa peremende."

Tukacheka mpaka nikashika ubavu. Kanambia kacheza mechi kumi na tisa kwa jumla, kumi na mbili kati ya hizo akitokea benchi. Kafunga mawili. La kwanza kapiga mwenyewe. La pili mwenzake alipiga, likamgonga Yazid kalioni likaingia.

"Basi hilo la pili nimefunga mimi," nikamwambia. "Makalio hayo ya kwetu Pangani."

"Mke wangu, utanivunja mbavu sasa."

Siku nyingi sijaitwa mke wangu na mjukuu. Thelathini na ishirini.

Jumamosi, 15 Machi.

Mvua. Thelathini na ishirini. Kapanda ngazi bila kushika ukuta.

Jumatano, 19 Machi.

Nimeudhiwa leo, na nikiudhiwa husema.

Kaja Kombo, fundi cherehani wa kona, ambaye pia kajipa uenyekiti wa timu ya mtaa. Kanipa shikamoo mbili, akakataa kiti. Mtu akikataa kiti kwako, kaja kuomba.

"Bibi, Idd Pili tuna ndondo na wale wa mtaa wa juu. Zawadi mbuzi. Watu wanasema, kwa kuwa tuna mchezaji wa Ulaya humu ndani..."

"Mchezaji wa Ulaya yuko likizo."

"Nusu mechi tu, Bibi."

"Nimesema likizo."

Akazungusha kofia yake mikononi. "Basi niwaambie nini? Maana kuna maneno. Mimi siyasemi, Bibi, ila yapo. Wanasema hachezi mpira huko. Wanasema anaosha vyombo hotelini, na ile jezi ya kwenye picha zake kanunua dukani."

Nilisimama. Miaka yangu sabini na miwili, magoti yangu yenyewe yanalia kama bawaba, lakini nilisimama kama askari.

"Nani kasema?"

"Watu tu."

"Waambie hao watu tu, mjukuu wa Mboni atacheza. Na huyo mbuzi, sehemu ya kula nitachagua mimi."

Kombo kaondoka anaruka madimbwi. Mimi nikabaki mlangoni na mkono kiunoni. Ilichukua muda kabla moyo haujaniuliza nimefanya nini.

Alhamisi, 20 Machi.

Nimemwambia Yazid. Alikuwa anasimama mguu mmoja, akabaki vivyo hivyo, hakuweka wa pili chini.

"Bibi, mkataba unakataza. Hairuhusiwi kucheza popote."

"Nani atawaambia? Kombo? Kombo hana simu yenye kioo kizima."

"Na goti?"

"Si umesema kazi yako kungoja pembeni? Basi ingia robo saa, simama pale mwisho, wakuone miguu na jezi. Mpira ukija mrudishie mwenzako. Nani kakwambia ukimbie?"

Akaweka mguu wa pili chini. Kisha akatabasamu, akasema, "Robo saa." Nami nikaona jambo limekwisha. Sikuuliza tabasamu lile lilikuwa la nini.

Thelathini na ishirini na tano.

Jumatano, 26 Machi.

Mvua usiku na mchana. Choo cha nje kimefurika. Bi Ghadir kauliza tena habari ya mchumba, eti binti wa dada yake, Rahaf, kamaliza chuo. Nikasema tutaona. Uongo ule mmoja sasa unataka kuolewa.

Jumatatu, 31 Machi. Idd Mosi.

Pilau, kuku wawili, watoto wa mtaa wamejaa ua. Yazid kavaa kanzu mpya, kagawa peremende. Kila mtu anamshika mkono: kesho, kesho.

Jumanne, 1 Aprili. Idd Pili.

Nitaandika yote, nisije baadaye nikajidanganya.

Mvua ilikatika saa nane mchana. Uwanja ulikuwa tope la kufyatulia matofali. Mimi sijawahi kukanyaga uwanja wa mpira maishani mwangu. Nilivaa buibui jipya, nikachukua mwavuli, Kombo akaniwekea kiti cha plastiki karibu na mstari, upande ule ule Yazid atakaosimama. Wanawake tulikuwa watano, na Bi Ghadir mmoja wao.

Kipindi cha kwanza tulifungwa moja. Kipindi cha pili kikaendelea, kisha Kombo akamwita Yazid. Uwanja mzima ulilipuka: "Mwingereza! Mwingereza!" Akapita mbele yangu akanikonyeza. Akaenda mwisho wa mstari, akasimama kama tulivyokubaliana.

Mpira wa kwanza ulimjia, akamrudishia mwenzake. Nikahema. Wa pili, akarudisha. Nyuma yangu mtu akapaza sauti: "Huyo kaja kupiga picha!" Mwingine akajibu: "Mpeni sabuni, kuna vyombo!" Watu wakacheka kicheko kile kibaya, cha kumcheka mtu aliyevaa vizuri.

Damu ilinipanda. Na hapa ndipo ninapotaka kuandika kwa herufi kubwa, lakini herufi zangu zote kubwa. Nilisimama kwenye kiti. Nilipiga ukelele: "Mpite, mume wangu! Nenda!"

Alinisikia. Niliona kichwa kinageuka.

Mpira uliofuata hakuurudisha. Aliugusa kwa ubavu wa mguu, beki akaenda kushoto, yeye akaenda kulia, na tope halikumshika. Sijui niseme vipi. Nimemjua mtoto yule akitambaa, nimemfunza kuchamba, na sikuwa namjua. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama karatasi inayokimbizwa na upepo barabarani. Beki wa pili akaja, akampita naye. Akafika karibu kabisa na kona, akapiga mpira ukapinda, mwenzake akautia kichwa. Goli. Nilipiga vigelegele mpaka ushungi ukanianguka, na Bi Ghadir akapiga na mimi, tumeshikana mikono kama wasichana.

Dakika kama tano baadaye ukamjia tena. Sikupiga kelele safari hii. Haikuwa lazima, nilishapiga. Akaanza kwenda, akataka kukata ndani. Mguu ulizama topeni ukabaki, na mwili wote ukageuka bila mguu. Hakuna aliyemgusa. Hakulia. Alikaa chini taratibu kama mtu anayekaa kula.

Nilijua. Kwa rangi ya midomo yake nilijua.

Kisha akainuka. Anacheka, anapunga mkono, anatembea kutoka nje, kila hatua anaiwaza kwanza. Kombo kambeba juu. "Vipi, kaka, umeumia?" Na mimi, mimi Mboni, nikajibu kabla yake: "Kachoka. Mwezi mzima kafunga, mnataka nini?" Watu wakapiga makofi.

Dakika kumi na moja kacheza. Mechi iliisha sare, moja kwa moja, mbuzi wakaamua kugawana. Wametuletea mguu wa nyuma.

Goti ni kubwa kama dafu.

Jumatano, 2 Aprili.

Tumeondoka mapema kabla mtaa haujafungua milango, tukaja Pangani kwa ndugu yangu Idarusi, ng'ambo ya mto, Bweni. Kuna hospitali hatua mia nne kutoka kwangu, nami nimemburuta kijana barabara yenye matope na kumvusha kwa pantoni, ili asionekane na magongo. Idarusi anachua viungo tangu ujana wake. Nimemdharau miaka mingi, kwamba ni mtu wa kukaa, hajajenga, hajahiji. Lakini mkono anao.

Akalishika goti kwa vidole viwili. Akalivuta kidogo mbele, likaja. Akalirudisha. Akaosha mikono.

"Dada, hili si la mafuta. Kamba ya ndani imekatika. Mpeleke hospitali leo."

"Wewe chua."

"Sichui."

"Nimekuja na tope mpaka magotini unambie huchui? Baba kakufundisha kazi hiyo ya nini?"

"Baba kanifundisha na pa kuacha. Nikilisugua hili nitamharibia zaidi. Ukitaka kunitukana, tukana, lakini mafuta sifungui."

Nimemtukana. Kasikiliza yote, kisha kampa Yazid mto wa kuwekea mguu.

Alhamisi, 3 Aprili.

Mvua. Sijarudi Tanga. Nitarudi uvimbe ukipungua, asionekane.

Ijumaa, 4 Aprili.

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili.

Mvua. Daftarini sina cha kutia alama. Yazid kaniuliza, "Leo huandiki thelathini?" Nikamwambia nyamaza.

Jumatatu, 7 Aprili.

Leo ndiyo siku aliyotakiwa kuwa kazini kwao. Kalala kageukia ukuta. Idarusi kampikia samaki wa nazi, kamlisha mwenyewe kama mtoto. Mimi nilikuwa nikimwita mtu wa kukaa. Leo nimeona kukaa na mgonjwa ni kazi, na sisi wengine tunaikimbia.

Idarusi kasema tena: hospitali. Safari hii sikumtukana.

Jumamosi, 12 Aprili.

Tumerudi. Daktari ni kijana wa Muheza, Mbondei, jina lake Tadeo. Kanipa shikamoo vizuri, kalishika goti kwa namna ile ile ya Idarusi, kalivuta mbele, likaja.

"Bibi, hii kamba waliyomtia imekatika. Atahitaji kupimwa kwenye ile mashine kubwa na kupasuliwa upya. Ameumiaje?"

"Kateleza chooni."

Yazid akanitazama. Hakunipinga. Nimemlea hivyo, asimpinge mkubwa mbele ya mgeni, na leo nilitamani ningemlea vingine.

Daktari akaweka kalamu chini. "Bibi, mtu wa kuteleza chooni na mtu wa kugeuka mbioni hawakatiki vitu vile vile. Atakayelifungua goti hili anatakiwa ajue. Mimi sitawahukumu. Naandika tu."

Nikarudia: chooni. Akaandika chooni.

Ijumaa, 18 Aprili.

Taimur kapiga simu. Kule timu walipouliza mbona kijana hajarudi, kawaambia bibi yake mahututi. Yaani mimi naugua Uingereza, na hapa mtaani kwetu Usagara nasonga ugali. Kocha kaniombea dua kwa mungu wake. Nimecheka, kisha nikasoma dua. Uongo wa ugonjwa unavuta ugonjwa.

Jumapili, 20 Aprili.

Mvua. Yazid hali chakula.

Jumanne, 22 Aprili.

Mvua. Kala nusu sahani.

Jumapili, 27 Aprili.

Bi Ghadir kaja bila kibakuli. Kakaa kabla sijamkaribisha. Mimi nikajua ni ile habari ya Rahaf, nikaanza mwenyewe: "Mambo ya ndoa, mwenzangu, hayataki haraka..."

"Mboni, acha. Mguu wa mtoto vipi?"

"Mguu gani?"

"Mboni."

Sauti ile. Tumekaa jirani miaka thelathini na nne, hajawahi kuniita kwa sauti ile.

"Siku ya Idd nilikuwa nimekushika mkono. Nilisikia ulivyoganda. Mtaa mzima uliona. Kombo halali. Anasema yeye ndiye kamuua. Kila Ijumaa watoto wa madrasa wanamsomea dua Yazid, wewe tu ndiye huna habari. Tunapita mlangoni kwako tunangoja ufungue tuje kumpa pole, unatwambia anatafuta mchumba. Waswahili wamesema, mficha maradhi..."

"Usiniletee methali nyumbani kwangu."

"Basi sikuletei. Nakuuliza tu. Nilipofiwa na Ammar, nani aliniosha nywele?"

Mimi. Mwanawe Ammar alipozama, mimi nilimuosha nywele siku saba.

"Ulidhani mimi ni katika wale tisa wanaosema afadhali?"

Sikuwa nimewahi kumwambia hesabu ile ya mmoja na tisa. Inaonekana imeandikwa usoni kwangu.

Nilimfungulia mlango wa chumba. Aliingia akakaa kitandani kwa Yazid, akamshika mguu ule mzima, akalia. Na kijana, ambaye tangu Idd hajatoa chozi, akalia naye. Mimi nikaenda kukuna nazi. Nilikuna mbili, na tulihitaji moja.

Jumatatu, 28 Aprili.

Wamekuja watu kumi na wanane. Kombo kapiga magoti mlangoni. Nimemwambia anyanyuke, aliyeahidi ni mimi, yeye kaomba tu. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wa vyombo na sabuni kaleta machungwa gunia zima kutoka shambani kwao.

Jumapili, 4 Mei.

Mvua nyembamba, ya kuisha. Tumekaa ukumbini, Yazid na mguu juu ya kigoda.

"Bibi, nina neno. Usinipige."

"Inategemea na neno lenyewe."

"Timu yangu iliniacha tangu Februari. Kabla sijaja. Waliniita ofisini, dakika nne. Mkataba unaisha tarehe thelathini Juni na hauendelei."

"Na Julai? Si ulisema Julai watakutazama?"

"Timu nyingine. Ndogo zaidi, daraja la tano. Walisema nikipona niende wanione. Nimewaandikia jana kwamba siji."

Nikahesabu moyoni. Kumbe mtu mmoja alikuwa na mlango mmoja umebaki, mdogo, na mimi nimekwenda kuupigilia msumari kwa ajili ya maneno ya watu wa vyombo.

"Mbona hukunambia?"

"Uliwaambia watu mimi mzima. Nikaona nikikwambia utakuwa na cha kuficha cha pili."

 Akaendelea, na Kiswahili chake kilikuwa kinapungua kila anapokaribia jambo. "Bibi, mechi kumi na tisa. Baba kaja mbili. Mama haangalii, anaogopa. Wewe hujawahi kuniona hata mara moja. Uliposema nitacheza... mimi nilifurahi. Si robo saa ya kusimama. Nilijua nitakimbia. Nilitaka unione."

"Mjinga wewe."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nilikuwa mzuri?"

Ningeweza kumwambia lolote. Nikamwambia kweli. "Sijaona kitu kama kile. Na nimeona mengi."

Akafunika uso kwa mkono. Baadaye akasema basi tusameheane, kosa nusu kwa nusu. Nikamwambia kosa langu asinigawie, nalibeba mwenyewe. Yeye ana lake la ujinga, alibebe.

Jumatano, 7 Mei.

Jua. Nimeanika magodoro.

Ijumaa, 9 Mei.

Taimur kapiga asubuhi, kapanga kila kitu. Yazid arudi Jumatano. Mkataba ungali hai mpaka mwisho wa Juni, na mchezaji akiumia kwa bahati mbaya, timu humpasua kwa daktari wao, yule mzuri. Lakini akisema alicheza ndondo, kavunja mkataba, watamwacha apange foleni ya hospitali ya bure, na foleni hiyo huenda mwaka mzima.

"Kwa hiyo, mama, aseme aliteleza kwenye ngazi za pantoni. Hata ile karatasi ya daktari wa Tanga inasema kateleza."

"Karatasi inasema hivyo kwa sababu mimi nilisema hivyo."

"Ndiyo, umetusaidia sana."

Umetusaidia sana. Mwanangu kajifunza kwangu, na kajifunza vizuri. Nilimwona mbele ya macho yangu akiwa na miaka saba, anajibu wageni "mama hayupo" huku nimejificha nyuma ya pazia.

"Taimur, huyo atakayefungua goti, akidhani ni ngazi, atatafuta jeraha la ngazi. Wameshamkata mtoto mara moja. Atafunguliwa mara ngapi kwa uongo wetu?"

"Mama, hujui mambo ya huku. Usiharibu."

"Nimeshaharibu. Sasa najaribu kuacha."

Akakasirika, akasema foleni mwaka, mama, mwaka mzima mtoto anachechemea.  Neno hilo nitalisikia mpaka naingia kaburini. Lakini timu haimtaki tena, mpira umekwisha, kilichobaki ni mguu wa kutembelea miaka hamsini, na mtu mwenye mguu huo. Sitaki aanze hiyo hamsini na pazia.

Yazid alikuwa anasikiliza mlangoni. Akageuka akarudi chumbani. Basi naandika hapa, na daftari nakuwekea juu ya mto, ulisome kabla hujalala.

Kesho saa tano, kwao saa tatu, sijui, hesabu wewe, utampigia daktari wa timu. Utakaa kwenye kiti changu, simu katikati ya meza, sauti wazi. Utamwambia ulicheza. Utamwambia tope, dakika kumi na moja, na mguu ulivyogeuka. Kisha utamwambia aliyekuahidi kwa watu na kukupigia kelele uende ni bibi yako, hakuwa mahututi, mzima huyu hapa, anaitwa Mboni binti Salehe. Usiliruke jina. Kiingereza sijui, lakini jina langu nitalisikia.